Jiwe lenye uchu wa oksijeni: hidrojeni ya joto la jua inakwama wapi

Chukua kiberiti cha gesi, kile cha kuzungusha kigurudumu kwa kidole gumba. Chini ya kigurudumu kuna kijiwe cheusi, chembamba kama risasi ya penseli. Ukizungusha, meno ya kigurudumu yanakwangua chembe za kijiwe, na chembe hizo zinajiwasha zenyewe hewani. Ndiyo cheche. Kijiwe chenyewe si jiwe hasa, ni mchanganyiko wa chuma na metali za kundi la madini adimu, na iliyo nyingi kuliko zote humo inaitwa seriamu. Aliyeutengeneza, mwaka 1903, ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, na ni huyohuyo aliyetuletea kile kisoksi cha taa ya karabai kinachotoa mwanga mweupe. Kisoksi hicho nacho kilikuwa na oksidi ya seriamu, kama asilimia moja.

Cheche inatokea kwa sababu seriamu ina uchu wa oksijeni. Ikishakuwa vumbi laini, ikakutana na hewa, inaikamata oksijeni kwa pupa kiasi cha kuwaka. Sasa fikiria uchu huo ukielekezwa kwenye maji. Maji ni hidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Ukiwa na kitu kinachoitamani oksijeni kuliko hidrojeni inavyoitamani, ukakipitishia mvuke, kitanyakua oksijeni na kuiacha hidrojeni iende zake. Hidrojeni hiyo ni fueli. Hapa ndipo mamia ya watafiti wa Ulaya, Marekani na kwingineko wamekuwa wakizunguka kwa miongo kadhaa, na habari zao zinapofika kwetu huwa zimeshachujwa hadi kubaki kichwa kimoja: "Wanasayansi watengeneza fueli kwa jua na maji." Ni kweli, wametengeneza. Ugumu uko mahali ambapo kichwa cha habari hakifiki, yaani ndani ya jiwe lenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu haja yake. Dunia inatumia karibu tani milioni 100 za hidrojeni kila mwaka, zaidi kwa kutengeneza mbolea na kusafisha mafuta, na karibu yote inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Njia safi inayojulikana na wengi ni kuvunja maji kwa umeme. Njia ninayoizungumzia hapa haipitii kwenye umeme. Inachukua joto la jua lilivyo, ikalitia kwenye tanuri, basi.

Mtu atauliza: kama ni joto, si tuyapashe maji tu mpaka yavunjike? Wahenga walicheka anayetwanga maji kwenye kinu, ila maji kweli huvunjika ukiyapa moto wa kutosha. Tatizo ni huo "wa kutosha". Hata kwenye nyuzi 2,200 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) ni asilimia chache tu za mvuke zinazokuwa zimeachana. Tena hidrojeni na oksijeni zinatoka pamoja, za moto, ndani ya chombo kimoja. Huo ni mchanganyiko unaolipuka, na usipolipuka unarudi kuwa maji mara tu unapopoa. Hakuna kiwanda kitakachojengwa juu ya msingi huo.

Ndipo ikaja akili ya kuyavunja kwa hatua mbili, jiwe likiwa katikati kama dalali. Hatua ya kwanza, mwanga wa jua uliokusanywa na vioo unalipasha jiwe hadi kama nyuzi 1,500, mahali palipoondolewa hewa. Jiwe linaachia sehemu ya oksijeni yake, nayo inavutwa nje. Hatua ya pili, jiwe linapoa hadi nyuzi 900 hivi au chini zaidi, kisha linapitishiwa mvuke. Sasa lina njaa. Linajaza mapengo yake kwa oksijeni ya maji, na kinachotoka upande wa pili ni hidrojeni na mvuke uliobaki. Jiwe limerudi lilivyokuwa, na unaanza upya. Oksijeni imetoka saa yake, hidrojeni saa yake, hazikukutana kabisa. Kilicholiwa ni maji na joto tu.

Wazo ni safi sana kiasi kwamba mtu hushangaa kwa nini halijatapakaa. Lilipendekezwa mwaka 1977 na Mjapani T. Nakamura, akitumia oksidi ya chuma, karibu sawa na kutu. Chuma ni rahisi na kipo kila mahali. Lakini oksidi yake ikishavuliwa oksijeni huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,380, ilhali kuivua kunahitaji joto kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo badala ya jiwe lenye matundu ambamo mvuke unapenya, unapata uji unaoganda kuwa bonge. Bonge halina nyuso za kukutana na mvuke. Watafiti wa Thessaloniki, Ugiriki, pamoja na wenzao wa Ujerumani katika mradi wa HYDROSOL, walijaribu kulikwepa hilo kwa kupaka feriti, oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine, juu ya kauri yenye vitundu kama sega la nyuki. Mwaka 2008 walikuwa na mtambo wa kilowati 100 kwenye mnara wa vioo huko Almería, kusini mwa Hispania. Ulitoa hidrojeni. Ila feriti, hata ikipakwa kwa ustadi, mizunguko ikizidi hulegea na kushikana.

Waswisi, chini ya Aldo Steinfeld, wakajaribu zinki. Oksidi ya zinki ikipashwa hadi kama nyuzi 2,000 inaachia oksijeni yote, na zinki inatoka ikiwa mvuke. Faida ni kwamba kila chembe imefanya kazi, hakuna iliyobeba joto bure. Hasara ni kwamba mvuke wa zinki na oksijeni viko pamoja, na vikipoa polepole vinaoana tena. Inabidi kuvipoza ghafla, kama fundi anavyotumbukiza panga la moto kwenye ndoo, na kupoza ghafla maana yake ni kulitupa lile joto ulilolihangaikia.

Hapo ndipo seriamu inapoingia, na inaingilia mahali panapostahili kutajwa. Odeillo ni kijiji cha milimani, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees. Kuna jengo pale ambalo ukuta wake mzima, upana mita 54 na kimo mita 48, ni kioo kilichobonyea kama bakuli. Kilimani mbele yake kuna vioo bapa 63 vinavyofuata jua na kulirusha kwenye bakuli hilo, nalo linaukusanya mwanga wote kwenye doa dogo ambapo joto hupita nyuzi 3,000. Mwaka 2006 watafiti wawili wa maabara iliyomo humo, Stéphane Abanades na Gilles Flamant, walionyesha kwamba oksidi ya seriamu, ambayo wataalamu huifupisha kuwa seria, inaweza kuvuliwa oksijeni kwa jua na kuirudisha kutoka kwenye maji. Lakini walikuwa wakiivua sana, kwenye joto la nyuzi 2,000 na ushei, na katika joto hilo seria huanza kupotea kama mvuke.

Mwaka 2010 kikundi cha Wamarekani na Waswisi, akiwemo Sossina Haile, mtaalamu wa kauri mwenye asili ya Ethiopia, kilibadilisha swali. Kwa nini tuivue yote? Tuivue kidogo tu. Kwenye nyuzi 1,500 seria haiyeyuki, haigeuki umbo, inabaki ileile kauri ngumu, ila katikati ya atomu zake panazuka mapengo machache pale oksijeni ilipokuwa. Oksijeni inasafiri ndani ya seria kwa kurukia mapengo, kama abiria kwenye daladala anayehamia kiti kilichoachwa wazi na mwenzake, kwa hiyo hata oksijeni iliyo katikati ya jiwe inapata njia ya kutoka na kurudi. Waliurudia mzunguko mara 500 na jiwe likaendelea kutoa. Tangu siku hiyo seria ndiyo kipimo. Kila jiwe jipya linalotangazwa linapimwa dhidi yake.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu mada hii ni hadithi tamu tu.

Kilo moja ya seria. Ukiipasha hadi nyuzi 1,500 mahali penye oksijeni kidogo sana, kati ya kila atomu 200 za oksijeni iliyonazo inaachia kama 3. Ukiirudishia kwa mvuke, unapata hidrojeni gramu 0.35. Theluthi ya gramu! Ni kama lita nne za gesi, puto moja la sherehe. Ili upate kilo moja ya hidrojeni, ambayo gari la hidrojeni litaimaliza kwa takriban kilomita 100, kilo yako ya seria lazima izunguke kama mara 2,900.

Hilo peke yake si balaa, unaweza kuweka seria nyingi. Balaa ni joto. Nishati iliyomo kwenye hizo gramu 0.35 ni kilojuli 42 hivi. Nishati ya kuzing'oa zile atomu za oksijeni ni kama kilojuli 84, yaani mara mbili. Na nishati ya kuipasha tu ile kilo ya seria kutoka nyuzi 900 hadi 1,500, kabla haijafanya kazi yoyote, ni karibu kilojuli 280. Soma tena. Unatumia 280 kupasha chombo ili ukusanye 42. Ni kuinjika sufuria la ubwabwa wa harusi ili uchemshe kikombe kimoja cha chai, na kila ukitaka kikombe kingine ulipoze sufuria lote kwanza.

Hapo hatujagusa joto linalotoroka. Kitu cha moto hung'aa, na kung'aa ni kupoteza. Tundu la tanuri lenye nyuzi 1,500 linarudisha nje kama kilowati 560 kwa kila mita mraba. Jua la adhuhuri lenyewe ni kilowati 1 hivi kwa mita mraba. Ndiyo maana vioo lazima vilikusanye mara elfu mbili au zaidi kabla mtu hajaanza kuongea. Na ndiyo maana vilevile watafiti wanapigania kila nyuzi: ukishusha joto hadi 1,350, upotevu huo unateremka hadi kama kilowati 390. Nyuzi 150 tu, na karibu theluthi ya hasara imeondoka.

Vipimo halisi vinaendana na hesabu hii ya jikoni. Majaribio ya 2010 yaligeuza chini ya asilimia 1 ya nishati ya jua kuwa fueli. Mwaka 2017 kikundi cha Steinfeld huko Zurich kilifikia asilimia 5.25 kwenye mtambo mdogo wa kilowati 4, kikivunja hewa ya ukaa badala ya maji, kwani jiwe haliulizi oksijeni inatoka wapi. Kisha wakakuza: huko Móstoles, nje kidogo ya Madrid, vioo 169 vinaelekeza mwanga kwenye mnara wa mita 15, kwenye mtambo wa kilowati 50 uliolishwa maji na hewa ya ukaa pamoja. Matokeo yaliyochapishwa 2022 ni asilimia 4.1, na gesi iliyotoka ikageuzwa mafuta ya taa ya aina inayotumiwa na ndege.

Na njia ya umeme? Paneli ya sola ya kawaida inakamata asilimia 20 au zaidi, mashine ya kuvunja maji inapoteza theluthi hivi, unabaki na kama asilimia 13 hadi 15. Kwa vifaa vya kununua dukani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema joto la jua tayari limeipiku paneli, mwombe akuonyeshe mtambo. Kinachowafanya wasikate tamaa ni kwamba paneli inatumia sehemu tu ya mwanga, wakati tanuri linaula mwanga wote, na kinadharia pana nafasi ya kuipita njia ya umeme kwa mbali. Pia hewa ya ukaa inavunjwa kwa jiwe lilelile, jambo linalowavutia watu wa ndege. Lakini bei ya paneli inashuka kila mwaka, na jiwe halijui hilo.

Kuhusu umbo la jiwe, kuna ufundi mmoja ninaoupenda. Seria ya Zurich haiwekwi tanurini kama tofali. Wanachukua sifongo, kama lile la kuogea, wanalitumbukiza kwenye uji wa unga wa seria, wanalikamua, wanalianika, kisha wanalichoma. Sifongo linateketea, linabaki gofu la kauri lenye umbo la sifongo. Matundu makubwa ya milimita kadhaa yanaruhusu mwanga kupenya ndani badala ya kuunguza uso tu. Halafu, kwa kutia chembe zinazoungua ndani ya ule uji, kuta za matundu zinabaki na vitundu vidogo vya mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na huko ndiko mvuke unakokutana na seria. Kabla ya hapo mitambo mingi ilikuwa na uso wa nje wa moto na ndani baridi.

Ila ufundi wa umbo haubadilishi zile atomu 3 kati ya 200. Kwa hiyo swali likarudi kwa wakemia: kuna jiwe linaloachia oksijeni nyingi zaidi, kwa joto dogo zaidi?

Lipo, ni familia nzima inaitwa perovskaiti. Ifikirie kama kabati lenye mashubaka ya aina mbili, makubwa na madogo, na oksijeni ikiwa ndiyo mbao zinazoyatenganisha. Kwenye mashubaka makubwa unaweza kuweka lanthanamu (jirani wa seriamu hata ndani ya kile kijiwe cha kiberiti), bariamu au stronti. Kwenye madogo, manganizi, chuma, alumini, kobalti. Unaweza kuchanganya: nusu hiki, robo kile. Kwa mkemia ni duka la viungo. Kila mchanganyiko unashikilia oksijeni kwa nguvu yake.

Mwaka 2013 Anthony McDaniel wa maabara ya Sandia, Marekani, na wenzake walitangaza perovskaiti ya lanthanamu, stronti, manganizi na alumini iliyotoa hidrojeni mara tisa ya seria, zote zikivuliwa kwenye nyuzi 1,350. Mara tisa! Habari zikaenea. Na takwimu ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Lakini isome vizuri. Kwenye nyuzi 1,350 seria inakuwa nje ya uwanja wake, haiachii karibu chochote, na mara tisa ya kidogo ni kidogo. Kilicho muhimu zaidi ni hatua ya pili. Jiwe linaloachia oksijeni kirahisi halina uchu mkali wa kuirudisha. Ni kanuni moja inayokata pande zote mbili: nguvu ambayo jiwe linakukatalia nayo oksijeni wakati wa kuvua ndiyo litakayoyanyang'anyia nayo maji. Mshika mbili moja humponyoka.

Tanurini hilo linaonekana kama kiu ya mvuke. Seria inapokea mvuke uliochanganyika na hidrojeni nyingi na bado inaendelea kuunyang'anya oksijeni. Zile perovskaiti za mwanzo, hidrojeni ikianza kurundikana kwenye mvuke, zinasita. Inabidi uzimwagie mvuke mwingi mno kuliko utakaovunjika, ili hidrojeni isukumwe nje haraka. Mvuke huo lazima uchemshwe, upashwe hadi nyuzi mia kadhaa, kisha utenganishwe na gesi. Joto uliloliokoa kwa kushusha nyuzi 150 umelirudisha kupitia birika. Mimi nikiona takwimu ya "mara kadhaa ya seria", kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye makala ni kiasi cha mvuke kilichotumika, na mara nyingi kimezikwa kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho.

Mwaka 2018 ukaja mchanganyiko wenye akili zaidi, wa bariamu, seriamu na manganizi. Robo ya mashubaka madogo ni seriamu, robo tatu manganizi. Ulitoa karibu mara tatu ya seria kwenye nyuzi 1,350, pungufu ya yale mara tisa, lakini unavumilia mvuke wenye hidrojeni vizuri zaidi. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko ile ya kwanza, ingawa haikupata kelele.

Kwa nini seria ni ngumu kushindwa? Jibu lilichukua muda. Kitu kinapoachia oksijeni kuna bei mbili. Moja ni nguvu ya kung'oa. Nyingine ni entropia, ambayo kwa lugha ya sebuleni ni idadi ya namna vitu vinavyoweza kujipanga. Kadiri hali mpya inavyokuwa na namna nyingi za kujipanga, ndivyo joto linavyoisaidia kutokea. Oksijeni inapoondoka kwenye seria, elektroni mbili zinabaki nyuma na kuganda kwenye atomu za seriamu. Mwaka 2017 Shahab Naghavi na Chris Wolverton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba elektroni hizo, kwa jinsi seriamu ilivyoumbwa, zina namna nyingi isivyo kawaida za kukaa juu ya atomu moja. Maana yake, seria inaweza kuishika oksijeni kwa nguvu sana ikiwa baridi, na bado ikaiachia kwa kiasi ikiwa ya moto. Inayumba kwa joto kuliko wengine. Huo ndio mlango pekee wa kuikwepa kanuni ya pande mbili: usitafute jiwe legevu, tafuta jiwe linalobadilika tabia kati ya moto na baridi. Siyo bahati kwamba ule mchanganyiko wa 2018 nao una seriamu ndani.

Kuna waliojaribu kukwepa kupasha na kupoza kabisa. Mwaka 2013 kikundi cha Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani, kilitumia mchanganyiko wa chuma, kobalti na alumini, kikafanya hatua zote mbili kwenye nyuzi 1,350 zilezile, kikibadilisha gesi tu. Joto la sufuria halipotei tena. Badala yake mvuke unaohitajika ni mwingi, na kuondoa oksijeni bila msaada wa tofauti ya joto kunadai utupu mkali. Mjadala uliofuata ulikuwa mrefu.

Kutafuta kwa mkono mchanganyiko mmojammoja kungechukua vizazi. Mwaka 2016 kikundi cha Wolverton kiliiachia kompyuta kazi ya kukokotoa perovskaiti 5,329, ikiuliza kila moja: utakuwa imara? Unaishika oksijeni kiasi gani? Zilizobaki kwenye chekeche zilikuwa 139. Kompyuta hizo hazisemi kama jiwe litapasuka likipashwa na kupozwa mara elfu kumi, wala kama manganizi yake itaanza kutoroka kama mvuke. Hilo linajulikana maabarani tu.

Na maabarani kazi ni ya subira. Kidonge cha jiwe jipya, tuseme miligramu 100, kinaning'inizwa kwenye mizani iliyo ndani ya tanuri. Joto linapanda, gesi ya nitrojeni inapita, na mtafiti anatazama uzito. Seria ikivuliwa vizuri inapungua miligramu 0.28, uzito wa chembe ya mchanga mdogo. Kisha mvuke unaingia na mstari kwenye skrini unapanda kurudi ulipotoka. Usiporudi wote, jiwe hilo limekwisha habari zake, hata kama kompyuta ililisifu.

Ukweli mmoja wa karibu nasi: seriamu, pamoja na kuitwa madini adimu, si adimu. Iko kwenye ganda la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Miamba ya Ngualla mkoani Songwe, Tanzania, na Gakara nchini Burundi, ina madini ya kundi hili, na wanaoyasaka wanafuata neodimiamu ya kutengenezea sumaku. Seriamu hutoka pamoja nayo kwa wingi na bei ndogo. Kwa hiyo jiwe lenyewe si tatizo la bei. Wala jua si tatizo, ingawa vioo vinataka jua kali lisilo na wingu wala utando, na mwambao wetu wenye unyevu haufai kama jangwa la Oman. Hata huko Oman, mipango mikubwa ya hidrojeni imechagua upepo, paneli na umeme.

Kinachobaki ni zile kilojuli 280. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichora kitu kinachofanana na treni: masanduku ya jiwe yakizunguka kwenye reli ya duara, yakipita kituo cha moto cha nyuzi 1,500, kisha kituo cha mvuke. Sanduku linalotoka motoni linapishana na linaloingia, na joto la mmoja linampasha mwenzake. Reli ya pili, upande wa nje, ina masanduku mengine yanayokwenda kinyume, kazi yake ni kunyonya oksijeni ili pampu zisile umeme mwingi. Kwa mujibu wa hesabu zao mitambo iliyotangulia ilifika sana sana asilimia 7, na treni hii inaweza kufika 40. Ni hesabu, si mtambo. Anayetaka kuijenga atahitaji milango inayofunga bila kuvuja gesi, inayofunguka na kufungwa siku nzima, karibu na kitu cha nyuzi 1,500, na ndani ya kila sanduku, jiwe la kutia. Mpaka sasa wanaofanya majaribio kama hayo wengi bado wanatia seria.